Mvua ya Saa Nane na Taulo za Polishi

Nimestaafu wiki tatu sasa, na mikono yangu bado haijapata habari. Jana nilijikuta jikoni nimekunja kitambaa cha sahani mara mbili, nikakigeuza upande ulio safi, nikaanza kufuta meza kwa mistari iliyonyooka. Mume wangu Joel alinitazama, akauliza kama meza inakwenda harusini. Nikaona afadhali niandike. Tena ninyi mliobaki gereji mliniomba siku ile ya keki ya kuniaga niwaeleze namna ya kuchagua taulo, nikashindwa, maana nilikuwa nalia na kula kwa wakati mmoja.

Habari za mshahara na vyeo sitaziweka hapa. Mshahara mnaujua wenyewe, na cheo changu cha juu kabisa kilikuwa kuitwa Mama Taulo na madereva wa malori ya majani chai.

Nilifika pale nikitafuta kazi ya kufagia. Gereji ilikuwa palepale ilipo leo, mwisho wa mji wa Kericho, barabara inapoanza kuteremka kuelekea Kisumu. Mwenye gereji, Bwana Langat, ambaye sote tulimwita Bosi hata akiwa hayupo, aliniambia ufagio umeshapata mtu, lakini kuna mzee wa polishi anayelia kila siku kwamba taulo zake ni chafu. Ndivyo nilivyopelekwa kwa Mzee Okumu.

Mzee Okumu alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa. Baba yake aliletwa Kericho na kazi ya kiwanda, naye akakulia kwenye nyumba za wafanyakazi, kwa hiyo Kikipsigis chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi ya shemeji zangu. Alikuwa mwembamba, ovaroli yake ina mstari wa pasi, na hakuvaa saa wala pete wala mshipi wenye kifungo cha chuma, kwa sababu vyote hivyo hukwaruza rangi ya gari. Alinipa ndoo, akanionyesha rundo la taulo, akaendelea na kazi yake.

Nilizifua vizuri. Na kwa sababu sabuni ilikuwa nyingi na mimi nilitaka kupendwa siku ya kwanza, nikatia ovaroli za mafundi wa injini kwenye maji hayohayo. Kesho yake Mzee alichukua taulo moja iliyokauka, akaenda ukutani alikoning'iniza kipande cha boneti nyeusi kilichong'aa kama maji ya mtungi, akakifuta mara moja tu. Kisha akakitoa nje, juani.

"Kuja hapa, nyar Kericho," aliniambia, yaani binti wa Kericho, na jina hilo halikunitoka tena. "Unaona nini?"

"Mistari, Mzee."

"Hiyo ni chuma. Imetoka kwa ovaroli ya mafundi, ikaingia kwa taulo. Ni kidogo, huwezi kuiona. Lakini rangi inaiona. Sasa hii ingekuwa gari ya mtu anaipenda kuliko bibi yake, ungemwambia nini?"

Tangu siku hiyo taulo za rangi zilikuwa na ndoo yake, sabuni yake na kamba yake, na fundi aliyejaribu kupangusia mikono humo alinisikia hadi upande wa pili wa barabara.

Jumanne ilikuwa siku ya soko la mitumba. Wakati huo hakukuwa na taulo za duka zinazofaa, ni vitambaa vya nepi, fulana kuukuu na taulo za mitumba, basi. Tulifika mapema bale la nguo likifunguliwa, ili tupate kamera, yaani zile za kwanza kabla watu hawajachambua. Mzee alikuwa na utaratibu wake. Kwanza anaangalia nyuzi: zikiwa ndefu na laini, vumbi lililobaki kwenye gari huzama ndani yake badala ya kuburutwa juu ya rangi. Zikiwa fupi na zimelala, hiyo ni ya miguu. Pili anapapasa pindo, maana uzi wa pindo mara nyingi ni wa nailoni, na nailoni haina huruma. Tatu anaiweka shavuni, anafumba macho, anaivuta polepole kutoka sikioni hadi kidevuni. Hapo ndipo watu walipokuwa wakisimama kutazama.

"Mzee, unanunua ama unalala?" muuzaji mmoja mama alimuuliza.

"Nanunua, mama. Lakini hii inanikwaruza."

"Basi nyoa ndevu."

Alinunua kumi kwake kwa sababu ya jibu hilo, na tukazipeleka nyumbani kukata mapindo na lebo. Kila taulo mpya tuliifua mara mbili, kisha akaipima kwenye boneti nyeusi. Isiyoacha alama ilipata kazi ya rangi. Iliyoacha alama ilikwenda kwenye milango kwa ndani, na yenye tabia mbaya zaidi ilikwenda kwenye magurudumu. Zile zilizorudi kutoka kwenye ndoo yangu hakuzipima kwa boneti. Alizigusisha shavuni tu na kuziweka, kwa sababu nilikuwa nimezifua mimi. Hilo lilinifurahisha sana, na baadaye ndilo lililotuponza.

Baada ya miaka miwili ya ndoo alinipa mlango wa pikapu ya maziwa niung'arishe. Bosi alisema wateja hawatapenda kuona mwanamke ameinamia gari lao. Mzee akamjibu, "Wataangalia gari, Bosi. Wewe ndio unaangalia mwanamke." Bosi alikohoa akaenda ofisini, nami nikaumaliza ule mlango. Nilifuta kama alivyonifundisha: taulo inakunjwa mara mbili, inakupa nyuso nane, na kila uso ukichafuka unahamia mwingine. Unafuta kwa mstari, si kwa kuzungusha, na mkono unakuwa mwepesi kama wa kupangusa uso wa mtoto aliyelala. Taulo ikianguka chini, imekufa. Usiikung'ute, usiipulize, usiiombee. Ni ya magurudumu.

Sasa nije kwenye mvua. Mtu wa Kericho hahitaji kuelezwa, lakini pengine karatasi hii itafika kwa mtu wa Kitui. Hapa kwetu asubuhi jua huwaka vizuri, unaanika, unajisifu, na ikifika saa nane mvua inakuja kama mtu aliyeandikwa kazi. Mwaka wangu wa sita pale, mvua ya masika iliingia na haikutaka kutoka. Taulo zilikaa kwenye kamba siku tatu zikinuka kama mbwa. Taulo mbichi haifuti, inapaka tu. Mzee alikuwa akifanya kazi na mbili au tatu, huku magari yamepanga foleni.

Joel alikuwa mtu wa boila kwenye kiwanda cha chai. Kazi yake ilikuwa kulisha kuni kwenye tanuri ili upatikane mvuke wa kukaushia majani. Akanisikia nikilalamika mara moja, mara mbili, mara ya tatu akasema, "Mama Chebet, mimi nashinda mahali pa moto siku nzima. Lete hizo taulo."

Akaenda nazo asubuhi kwenye gunia safi, jioni akarudi nazo zimekauka. Zilikuwa na joto bado, laini ajabu, na zikinukia chai. Nilimwona Joel siku hiyo kama siku ya harusi yetu. Mzee aliziweka shavuni akasema hajawahi kuona taulo laini hivyo tangu azaliwe, na Bosi mwenyewe akamtumia Joel salamu. Kwa miezi miwili sisi tulikuwa gereji pekee mjini isiyoogopa mawingu.

Halafu akaja Madam Chepng'eno. Huyu alikuwa mwalimu wa chuo kule Kabianga, mwenye gari dogo jeusi alilolitunza kuliko watu wengi wanavyotunza afya. Alituletea likang'arishwa, akaondoka kukiwa na mawingu. Wiki iliyofuata alirudi asubuhi ya jua. Hakugomba. Aliegesha katikati ya uwanja akaniambia, "Njoo uone, dada."

Boneti nzima ilikuwa na utando wa buibui. Mistari midogo midogo, mamia, ukisimama upande wa jua. Siku chache baadaye gari la bwana harusi kutoka Londiani likarudi na ugonjwa uleule, nalo lilikuwa jeusi.

Bosi alimwita Mzee nje mbele yetu sote. Akamwonyesha lori lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, akamwambia asome namba. Mzee alisoma yote bila kukosea.

"Mbali unaona," Bosi alisema. "Karibu ndio shida. Macho imezeeka, Mzee, si kosa lako. Madam analeta gari Ijumaa ya wiki ijayo tuirudie. Ikitoka na mistari tena, utaenda kupumzika."

Mzee hakubishana, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alibishana kuhusu kila kitu: hali ya hewa, siasa, hata urefu wa mahubiri. Siku zile akawa anasogeza uso karibu na rangi kisha anaurudisha nyuma, anafinya macho, anapapasa kwa kidole. "Pengine Bosi anasema kweli," aliniambia. "Mtu hawezi kujua kile hakioni." Tukabadilisha polishi. Tukachemsha maji. Tukanunua taulo mpya kabisa, nikazifua kwa uangalifu ambao sijawahi kumfulia hata mtoto, kisha nikampa Joel akazikaushe, na ziliporudi Mzee alizigusisha shavuni tu, maana kwenye boneti hakuyaamini tena macho yake.

Jumatano kabla ya Ijumaa yenyewe, Joel alisahau chakula chake mezani. Nikampelekea kiwandani saa sita. Nilikuwa sijawahi kufika upande ule wa nyuma. Nikamkuta mwenzake amefungua mlango wa chini wa tanuri, anakokota majivu kwa reki ndefu, na juu ya kichwa chake, kwenye bomba la moto, taulo zangu zimepangwa vizuri kama nguo za kwaya. Jivu jembamba lilikuwa linapanda polepole kwenye mwanga wa dirisha na kutua juu yake.

Magogo ya kuni huburutwa kwenye udongo kabla ya kufika kiwandani. Gogo linaungua, lakini mchanga hauungui. Unatoka na jivu, mwembamba kama unga, na shavu likiugusa linadhani ni poda. Kumbe ule ulaini tuliousifu ulikuwa ndio msasa wenyewe.

Nilirudi gereji na taulo mbili, Mzee alikuwa ametoka kununua sabuni. Nikashusha ile boneti nyeusi. Taulo iliyotoka kwenye boila iliacha mistari. Ile niliyoichukua kwenye ndoo na kuikamua tu haikuacha kitu. Nikarudia mara tatu. Macho ya Mzee hayakuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa mimi.

Nilitaka kumwambia akirudi, lakini Bosi alinitangulia. Alipita pale akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee akienda, wewe ndio utashika mahali yake. Jitayarishe." Mimi, ambaye hakutaka niiname mbele ya wateja. Kisha Mzee akarudi, akaniita kwenye gari, akanifundisha kitu ambacho alikuwa hajanifundisha kwa miaka sita: namna ya kupitisha mashine ya polishi kwenye kona ya boneti, mahali rangi ni nyembamba, bila kuichoma. "Shika hivi," alisema. "Ijumaa sijui itakuwa namna gani. Sitaki niende na hii kwa mkono yangu."

Nikashika. Nikasema asante. Nikaenda nyumbani bila kusema lingine, na ninyi mnaonisoma mjue hivyo.

Jioni nilimwambia Joel. Aliumia, maskini. "Lakini zilikuwa zinakauka kabisa," alisema mara mbili. Baadaye akaniambia, "Sasa unaogopa nini? Sema ni mimi. Mimi siwezi kufutwa gereji, sifanyi kazi huko." Nilicheka hadi nikalia.

Alhamisi asubuhi niliwasimamisha wote wawili, Bosi na Mzee, mbele ya boneti nyeusi, nikafuta kwa taulo ya kwanza na ya pili, nikasema yote. Bosi alikuwa na kikombe mkononi.

"Kwa hivyo tumesugua magari ya watu na jivu ya chai miezi mbili?"

"Ni jivu ya kuni, Bosi. Chai haina makosa."

Mzee hakuuliza habari za magari. "Kwa hivyo macho yangu iko sawa?"

"Iko sawa, Mzee."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akageuka akatazama barabarani, akaanza kusoma namba za magari yaliyopita, moja baada ya nyingine, kwa sauti, akicheka. Halafu akanigeukia. "Na umejua lini?"

"Leo asubuhi," nikamjibu.

Bosi alinirudisha kwenye ndoo miezi mitatu, na nilistahili sita. Likabaki swali la mahali pa kukaushia. Mzee alisema panatakiwa chumba chenye dari, pakavu, mlango unaofungwa, pasipoingia vumbi wala mafuta. Sote tukatazama ofisi ya Bosi. Alikataa kwa siku moja. Kuanzia juma lililofuata alipokea wateja chini ya kamba nne, na mtu akitaka kuona uso wake ilibidi aifunue taulo kama pazia. Hiyo misumari mnayoiona ofisini hadi leo, mkidhani ni ya kalenda, ni yetu.

Madam alikuja Ijumaa. Taulo zilikuwa chache, nilizikausha sebuleni kwangu, na Mzee akafanya kazi peke yake kuanzia asubuhi. Madam alisimama juani muda mrefu akiizunguka boneti. Mwisho akainama, akajiona humo, akarekebisha kilemba chake na kuondoka. Mzee Okumu alifanya kazi miaka saba zaidi.

Baadaye zikaja taulo za maikrofaiba, na ninyi mkadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Nazo zina pindo na lebo, kwa hiyo kateni, au chagueni zilizokatwa bila pindo. Chagueni nene zenye nyuzi ndefu kwa kumalizia, na fupi kwa kuondoa polishi. Msizifue pamoja na taulo za pamba, zitaokota manyoya. Msitie dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi. Msizipige pasi. Rangi nyeupe kwa mwili wa gari, buluu kwa vioo, nyekundu kwa magurudumu, na anayechanganya afue zote. Mkiwa na shaka, sugueni upande unaong'aa wa sidii kuukuu mkautazame kwenye mwanga. Wala msiamini shavu peke yake, hata likiwa shavu la mtu mnayempenda.

Lakini lile jibu la "leo asubuhi" lilikaa kifuani kwangu miaka yote. Mzee alikuwa amelala usiku mmoja zaidi akiamini anapofuka, na mimi ningeweza kumwondolea usiku huo. Kila mara nilipotaka kumwambia, kulikuwa na gari. Basi wiki iliyopita, kwa kuwa sina gari tena, nilishuka Soin, kule chini kwenye joto, Mzee alikojenga. Nilimkuta amekaa barazani, mzee kweli sasa, shati lina mstari wa pasi. Mkewe, Mama Rosa, aliniletea chai akarudi ndani. Nikamwambia: nilijua tangu Jumatano.

Nikaanza kutafuta mkoba wangu.

"Hiyo Jumatano," alisema, "ndio nilimwambia Mama Rosa macho imeisha. Alilia. Halafu akasema si kitu, atakuwa ananisomea Biblia kila jioni. Akaanza hiyohiyo siku."

"Nisamehe, Mzee."

"Ngoja. Alhamisi nikarudi nyumbani nimwambie macho ni mzima. Nikakuta ameweka kiti mbili, amefungua mahali tuliachia jana, ananingoja." Alitazama mlangoni, akateremsha sauti. "Nilimwambia macho ya kazi iko sawa, ni ya herufi tu imechoka. Tumemaliza Biblia yote mara nne. Wewe usimwambie."

Jua lilikuwa linashuka. Mama Rosa alitoka na Biblia chini ya kwapa, akavuta kiti karibu na cha mumewe, akaniuliza kama kwetu huko juu mvua imenyesha. Nikasema imenyesha. Akafungua kitabu. Mzee Okumu akafumba macho, na mimi nikanyamaza.